Umra, dola na riyali: fedha ya mama niibadilishe sasa au nisubiri?

Binti wa Chumbageni ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wote wasomao hapa nawasalimu kwa heshima. Ninaandika kutoka Tanga mjini, na swali langu linahusu fedha ambayo si yangu, ndiyo maana naogopa kukosea.

Mama yangu anapika vitumbua na kuviuza karibu na soko la Mgandini, na kwa miaka sita mfululizo amekuwa akidunduliza ili aende umra kabla magoti hayajamkatalia. Fedha ilianza kwenye kibubu, baadaye tukaihamishia benki, na mwaka huu imefikia kiasi ambacho, nikiongeza akiba yangu, tunaweza kusafiri wawili. Mwezi wa Mei 2025 niliuliza bei kwa wakala mmoja wa safari, akanitajia shilingi 4,050,000 kwa kila mtu, ndani yake kukiwa na nauli ya ndege, viza, malazi ya Makka na Madina, na usafiri wa huko. Fedha haikutosha, tukarudi nyumbani. Mwezi wa Oktoba nilikwenda tena, nikakuta karatasi mpya imeandikwa shilingi 3,800,000, na chini yake maneno kwamba bei hiyo inadumu siku saba tu. Nilipouliza sababu, kijana wa mapokezi alinijibu kwamba dola imeshuka.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Sisi tunalipa kwa shilingi, na kule tunakokwenda wanatumia riyali, sasa dola inaingiaje katikati yetu? Kaka yangu anashauri nitoe fedha yote benki, ninunue dola leo leo kabla hazijapanda tena. Jirani yetu, ambaye naye ni mtu mzima na mwenye busara, anasema nisubiri kwa sababu dola itazidi kushuka. Vilevile mama anataka kila mmoja wetu awe na riyali kama 1,500 mkononi, kwa ajili ya chakula, zawadi za wajukuu na dharura, nami sijui kama fedha hiyo niibebe kwa shilingi, kwa dola, kwa riyali au kwa kadi ya benki.

Naomba anijibu mwenye kujua, na asione uzito kunieleza kuanzia mwanzo kabisa.

Mstaafu wa Ngamiani amejibu:

Waalaykum salaam mwanangu. Nimekaa upande wa ndani wa dirisha la kubadilishia fedha kwa miaka ishirini na tisa, nikihesabu fedha za watu wanaosafiri, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, nawe soma taratibu.

Nianze na riyali. Tangu mwaka 1986 Saudi Arabia imeifunga fedha yake na dola ya Marekani kwa kiwango kisichobadilika, riyali 3.75 kwa dola moja, na hadi leo kamba hiyo haijafunguliwa. Maana yake ni kwamba shilingi yetu inapimana nguvu na dola, na riyali inafuata nyuma kama tela linavyofuata lori. Dola ilipokuwa karibu shilingi 2,690 mwezi ule wa Mei, riyali moja ilikuwa kama shilingi 717; dola iliposhuka hadi karibu 2,460 mwezi wa Oktoba, riyali ikawa kama shilingi 656. Mwenye hoteli Makka hakupunguza hata halala moja, yaani senti ya riyali, ila shilingi yako ndiyo iliyopata nguvu. Dirhamu ya Dubai nayo imefungwa hivyo hivyo, na riali ya Omani pia, ndiyo maana mfanyabiashara wa hapa anayekwenda kuchukua bidhaa Dubai, na mtu anayekwenda Muscat kuwaona ndugu zake, wote wanaulizia dola ingawa pengine hawataishika.

Kuhusu kupanda na kushuka kwenyewe, kuna sababu nyingi, lakini mojawapo unaweza kuiona kwa macho. Katika nusu ya pili ya mwaka watalii wanakuwa wengi, korosho na tumbaku zinauzwa nje, na dola zinaingia nchini kwa wingi, hivyo shilingi hupumua. Kuanzia Januari hadi katikati ya mwaka dola huwa chache, na waagizaji wa mafuta na bidhaa nyingine wanazigombania. Wewe uliuliza bei mara ya kwanza mwezi wa Mei, wakati wa ukata wa dola, na mara ya pili mwezi wa Oktoba, wakati wa neema. Jambo hili linawagusa zaidi mahujaji, kwa sababu mwaka wa Kiislamu unarudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na kwa miaka hii hija inaangukia kwenye ule msimu mgumu; ya mwaka 2025 ilikuwa mwanzoni mwa Juni.

Sasa nisikilize kwa makini katika hili, kwa kuwa ndilo litakalokuokoa. Kaka yako anakupenda, lakini ushauri wake utakutia hasara. Kanuni zilizoanza kutumika mwishoni mwa Machi 2025 zinakataza mtu kutangaza bei au kupokea malipo kwa fedha za kigeni hapa nchini, kwa hiyo wakala wako atapokea shilingi. Ukinunua dola leo ili umlipie wakala mwezi ujao, utalazimika kuziuza tena ili upate shilingi, na kila unapopita dirishani unaacha kitu. Tazama ubao wa duka la kubadilishia fedha: una bei mbili, ya kununua na ya kuuza. Tuseme wananunua dola kwa 2,430 na kuuza kwa 2,480. Ukinunua dola 3,000 asubuhi na kuzirudisha jioni ya siku hiyo hiyo, bila dola kupanda wala kushuka, umeacha shilingi 150,000 mezani kwao. Hawajakuibia, hiyo ndiyo riziki yao. Ila hukuwa na sababu ya kuwapa.

Hata hivyo usidhani kwamba bei iliyoandikwa kwa shilingi imeachana na dola. Imo ndani, kwa sababu wakala mwenyewe anailipa ndege na hoteli kwa fedha ya kigeni, na zile siku saba kwenye karatasi ni hofu yake kwamba dola itapanda kabla hujalipa. Chukua kikokotoo ugawanye. Bei ya Mei, 4,050,000 kwa 2,690, ni kama dola 1,505. Bei ya Oktoba, 3,800,000 kwa 2,460, ni kama dola 1,545. Umeona? Kwa shilingi bei imeshuka, lakini kwa dola imepanda kwa dola 40 hivi, ambazo kwa ninyi wawili ni karibu shilingi laki mbili. Huenda ana sababu ya haki, pengine hoteli imekuwa karibu zaidi na Msikiti Mtukufu au msimu umebadilika. Huenda pia amejiwekea akiba ya tahadhari. Mwulize kwa adabu, amekadiria dola kwa shilingi ngapi, na je, ukitanguliza nusu, atakuandikia kwamba bei haitapanda tena? Fedha unayoilipa leo kwa bei iliyoandikwa na kupigwa muhuri ni salama kuliko dola ulizozificha kabatini.

Inabaki fedha ya mkononi, na hiyo kweli inahitaji kubadilishwa. Hapa angalia njia ya fedha. Riyali haiuzwi sana katika maduka yetu, na kitu kisichotembea huuzwa kwa faida kubwa zaidi. Unaweza kukuta wananunua riyali kwa 625 na kuuza kwa 685, pengo ambalo, ukilipima kwa asilimia ya bei, ni kubwa mara nne na zaidi kuliko la dola. Ukinunua riyali moja kwa moja kwa shilingi milioni moja utapata kama 1,460. Ukinunua dola kwa 2,480 utapata 403, na ukifika Makka, ambako wanabadilisha kwa kiwango kilicho karibu sana na 3.75, tuseme 3.74, utapata riyali 1,507. Kwa kawaida nawaambia watu wasibadilishe mara mbili, lakini kwa nchi ambayo fedha yake imefungwa na dola, njia ya kupitia dola ndiyo fupi. Nunua hapa riyali chache tu za teksi na maji ya siku ya kwanza.

Na dola zenyewe, mwanangu, zichague kama unavyochagua nyanya. Noti za mia na za hamsini hupata bei nzuri kuliko za dola tano na kumi. Kataa noti iliyochanika, iliyoandikwa kalamu au iliyopigwa mihuri, na kataa noti iliyochapishwa kabla ya mwaka 2006, kwa maana maduka mengi hayaipokei. Mwaka umeandikwa kwa herufi ndogo upande wenye picha ya mtu. Lazima uinamishe macho. Dai risiti na uihifadhi.

Sisi wa zamani tunaziona shida hizi kuwa ndogo. Kabla ya sheria ya mwaka 1992 kuruhusu maduka ya kubadilishia fedha, mtu aliyetaka kusafiri nje alipaswa kuomba kibali cha fedha za kigeni, na mwaka 1986 peke yake dola ilitoka karibu shilingi 17 ikapita 40. Nimewaona watu wazima wakitoka machozi mbele ya dirisha langu kwa sababu safari waliyoipangia hesabu ilikwisha kuwa safari nyingine.

Kaka wa Raskazone amejibu:

Namheshimu mzee wetu, ila mimi ningesubiri hata hiyo fedha ya mkononi. Dola imeshuka tangu katikati ya mwaka bila kupumzika, na kama safari yenu ni baada ya miezi mitatu, huenda mkaikuta chini ya 2,400. Kuharakisha kununua kitu kinachoshuka bei si busara.

Mzazi wa Makorora amejibu:

Kaka, samahani, naomba nikupinge kwa sababu nililipia somo hili kwa fedha yangu mwenyewe, tena mara mbili.

Mwezi wa Desemba 2024 dola ilishuka hadi karibu 2,400, na mitaani kila mtu alisema maneno haya haya uliyoyaandika. Mimi nilikuwa na ada ya mtoto ya kulipa nje ya nchi, nikaamua kungoja hadi mwaka mpya uingie. Ilipofika Aprili nilinunua dola kwa zaidi ya 2,690. Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba mtu mwenye safari yenye tarehe hawezi kufanya kama mfanyabiashara wa dola, kwa kuwa mfanyabiashara akikosea leo atasubiri miezi minane arekebishe, lakini ndege yako haitakusubiri.

Mara nyingine ilikuwa Mombasa, na hii nawaeleza kwa sababu wengi wetu wa Tanga tunavuka mpaka wa Horohoro bila kujiona kuwa tumesafiri nje ya nchi. Januari 2024 nilimpeleka mwanangu hospitali kule kwa ajili ya mguu. Wakati huo shilingi ya Kenya ilikuwa imedhoofika, dola moja ilikuwa karibu shilingi zao 160, na mimi nilinunua shilingi moja ya Kenya kwa chini kidogo ya shilingi zetu 16. Daktari alipanga upasuaji mwezi wa Aprili, akanipa makadirio ya shilingi 70,000 za Kenya. Nikapiga hesabu pale pale benchi, nikapata kama shilingi zetu milioni moja na laki moja, nikarudi nyumbani nikiwa na amani.

Kilichotokea baada ya hapo sikukijua mpaka niliposimama mpakani. Mwezi wa Februari Serikali ya Kenya iliuza hatifungani (hati ya mkopo) mpya ya dola bilioni moja na nusu katika masoko ya nje, ikatumia fedha hizo kupunguza deni kubwa lililokuwa likiiva mwezi wa Juni, na waliokuwa wameficha dola kwa hofu wakaanza kuzitoa. Katika wiki chache dola ilishuka kule kutoka karibu 160 hadi karibu 130. Shilingi yetu nayo ilikuwa ikipungua kidogo kidogo mbele ya dola hiyo hiyo. Yaani wao walipanda ngazi na sisi tukashuka ngazi kwa wakati mmoja, na Aprili nilipouliza bei ya shilingi ya Kenya, nikaambiwa karibu 20. Upasuaji ule ule, kwa daktari yule yule, kwa shilingi 70,000 zile zile, ulikuwa umefika karibu milioni moja na laki nne. Ilinibidi nimpigie simu shemeji yangu anisaidie, nikiwa nimesimama barabarani na mtoto akiegemea mkongojo.

Na siku hiyo, kwa kuchanganyikiwa, nilibadilisha fedha kwa vijana wanaozunguka na mabunda mkononi badala ya kuingia ofisini. Kijana alinihesabia noti za elfu moja moja mbele ya macho yangu, haraka haraka, kwa kidole gumba kilicholoweshwa mate, na hesabu ikawa sawa. Nilipofika hospitali, keshia akanionyesha kwamba noti tatu katikati zilikuwa zimekunjwa nusu, hivyo kila moja ilihesabiwa mara mbili. Kwa hiyo dada yangu, tafadhali, fedha ya mama usiibadilishe popote pasipo na ubao wa bei, risiti na kiti cha kukalia ukahesabu mara ya pili.

Nikumbushe pia kwamba kile kilichonipiga mimi kiliwafaa wengine. Wenye mashamba ya machungwa Muheza, ambao wateja wao wengi ni wachuuzi kutoka Kenya, waliuza vizuri msimu ule, maana mteja alikuja na shilingi yenye nguvu. Lakini msafiri huwa upande wa kulipa.

Mkazi wa Duga amejibu:

Niongeze habari ya India, kwa kuwa familia nyingi hapa Tanga zinapeleka wagonjwa kule, na kosa lenyewe ni rahisi kulikwepa ukilijua. Mwezi wa Septemba 2025 tulimpeleka baba kwa matibabu ya moyo. Barua ya makadirio ilikuja kwa dola, nasi tukabeba dola, tukazikabidhi kwenye dawati la wageni. Ankara ya mwisho iliandikwa kwa rupia, na hospitali ilikuwa imehesabu kila dola yetu kwa rupia 84, ilhali sokoni dola moja ilikuwa karibu rupia 88. Kwa dola 3,000 tulizotanguliza, tofauti hiyo ni rupia 12,000, ambazo ni zaidi ya shilingi zetu laki tatu. Hakuna aliyetudanganya, hatukuuliza tu. Aliyelazwa kitanda cha pili alikuwa amebadilisha dola zake kwenye duka la fedha nje ya hospitali, akalipa kwa rupia. Wenye safari ya namna hiyo waombe makadirio kwa rupia tangu mwanzo, na wakiwa na noti za zaidi ya dola 5,000 wazitangaze forodhani wanapoingia India. Hapa kwetu anayevuka mpaka na dola 10,000 au zaidi naye anapaswa kutangaza.

Nimesema haya pia ili tusidhani kwamba dola ikipanda basi kila safari inakuwa ghali kwa kiasi kile kile. Mwishoni mwa mwaka 2015 rupia moja ilikuwa zaidi ya shilingi 30. Mwezi ule wa Septemba 2025 ilikuwa kama 28, kwa sababu nayo imepungua mbele ya dola, na kwa miaka hiyo yote imepungua kuliko shilingi yetu. Nauli ya ndege inafuata dola, lakini chumba, chakula na bajaji za kule vinafuata rupia.

Mwana wa Pongwe amejibu:

Ni kweli kabisa, na mfano mkubwa ni Misri, ambako mdogo wangu anasoma. Tulikuwa tukimtumia dola 150 kila mwezi kupitia benki, naye alipata pauni zao kama 4,650, kwa kuwa kiwango rasmi kilikuwa karibu 31 kwa dola. Tarehe 6 Machi 2024 nchi ile iliiachia fedha yake ipangiwe bei na soko, na dola ikaruka hadi karibu 50, hivyo dola 150 zile zile zikawa pauni kama 7,500. Nyumbani tulishangilia. Mdogo wangu alituomba tusipunguze chochote, akatueleza kwamba wenye maduka walikuwa wamekwisha kupandisha bei miezi mingi kabla, kwa kufuata dola ya mitaani iliyopita hata 60, kwa hiyo kiwango kipya kilimrudishia tu uwezo aliokuwa ameupoteza kimya kimya. Hatukujua kwamba alikuwa akila mlo mmoja kwa siku. Hilo linaniuma hadi leo.

Binti wa Chumbageni ameandika tena:

Mzee wangu, shikamoo, na wote mliojibu, Mwenyezi Mungu awalipe. Nilimsomea mama majibu yenu jikoni, neno kwa neno, naye akaniagiza nimwambie Mwana wa Pongwe kwamba anamwombea yule kijana wa Misri.

Nimerudi kwa wakala na hesabu ya mzee imeandikwa kwenye daftari. Nilimwuliza bila ugomvi kwa nini kwa dola bei imepanda, naye hakukasirika. Alifungua faili akanionyesha kwamba hoteli ya Makka ni nyingine, iko karibu zaidi, jambo ambalo kwa magoti ya mama nimelipokea kwa furaha, na akakiri kwamba sehemu nyingine alikuwa amejikinga, asije akapata hasara dola ikipanda. Tulikubaliana shilingi 3,740,000 kwa kila mtu, nusu nikalipa siku hiyo, na ameandika kwenye mkataba kwamba kiasi kilichobaki hakitabadilika iwapo nitakilipa ndani ya siku thelathini. Kwa hiyo shilingi hizo hazikupita dirishani hata mara moja.

Fedha ya mkononi sikuisubirisha. Nimenunua dola 800 kwa ajili yetu wawili, kwa 2,478, jumla shilingi 1,982,400. Binti wa dukani alinipa kwanza noti moja ya mwaka 2003. Nilipoinamisha macho na kuuona ule mwaka nikamrudishia, naye akaibadilisha bila neno. Jioni nilimweleza mama kwamba kama tungenunua kwa bei ya Mei, ambayo ubaoni ilikuwa karibu 2,710, tungelipa 185,600 zaidi. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hivyo ni vitumbua mia tisa na ishirini na nane." Anauza kimoja shilingi 200. Sijawahi kuelezwa kiwango cha fedha kwa namna iliyonielea kuliko hiyo.

Nimebakiwa na maswali mawili madogo. Je, nibebe kadi ya benki pia, na riyali zitakazobaki tukirudi nizifanye nini?

Mstaafu wa Ngamiani amejibu:

Marahaba mwanangu, umefanya vizuri kuliko nilivyotarajia, na mama mpelekee salamu zangu.

Kadi ibebe, lakini iwe ya dharura. Kabla ya kuondoka iarifu benki yako kwamba utaitumia nje, isije ikafungwa kwa tahadhari, na uulize makato yao kwa kila muamala wa nje ni kiasi gani, kwa sababu kila benki ina yake na mara nyingi yako juu ya kiwango chenyewe cha kubadilishia. Jihadhari na jambo moja. Ukilipa dukani, au ukitoa fedha kwenye mashine, huenda ikakuuliza kama unapenda kukatwa kwa shilingi au kwa riyali. Ukiona shilingi utajihisi uko nyumbani, moyo utavutwa, lakini chagua riyali kila mara. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango, naye hupanga cha kumfaa yeye. Fahamu pia kwamba kiwango utakachokatwa ni cha siku benki inapomaliza malipo, ambayo huenda ikawa siku moja au mbili baada ya wewe kununua, kwa hiyo usishangae kuona tofauti ndogo kwenye taarifa ya akaunti.

Bei za kule utazikuta zimebeba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15, iliyopandishwa kutoka asilimia 5 mwezi wa Julai 2020. Nakutajia ili mtu aliyekwenda zamani asikuambie kwamba tende zimepanda kwa sababu ya dola peke yake.

Dola zenu msizibadilishe zote siku ya kwanza. Badilisheni mia mbili, mtumie, kisha muongeze kadiri ya haja, kwa sababu dola itakayobaki mtaiuza hapa Tanga kwa pengo dogo, ilhali riyali itakayobaki mtaiuza kwa lile pengo pana nililokueleza. Riyali za noti mnaweza kurudi nazo mkaziuza dukani. Sarafu za halala zimalizeni huko huko, hata kwa chupa ya maji uwanja wa ndege, kwa sababu madirisha yetu hayapokei sarafu.